Shajara ya skana: sanduku la Magomeni

Jumamosi, 1 Februari

Sanduku limefika Tabata mchana kwa bajaji, limefungwa kamba ya katani kama mzigo wa kwenda bara. La bati, rangi ya kijani, jina la Baba Mkubwa limeandikwa kwa brashi kwenye kifuniko na chini yake neno DRESDEN. Marehemu alisomea ufundi mitambo huko Ujerumani Mashariki miaka ya 1970. Alirudi na cheti, kamera ya Praktica na mazoea ya kupiga slaidi, vile vipande vya filamu vinavyotazamwa kwa kupitisha mwanga, wakati wenzake wa ukoo walikuwa wakienda studio mara moja kwa mwaka, siku ya Idi, wamesimama wima kama wanajiandikisha jeshi.

Sasa Mama Mkubwa anahamia kwa bintiye Kigamboni na nyumba ya Magomeni inapangishwa. Kwenye simu hakuzunguka: "Mwanangu, haya mapicha chukua wewe. Huku panya, na masika hayo yanakuja."

Nimefungua kifuniko, harufu ya siki ikanipiga puani. Nilidhani kuna achari ilimwagika humo. Kumbe filamu za zamani za asetati zikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na joto pamoja na unyevu wa pwani ndiyo mbolea yake. Kwa hiyo sina muda wa kuchezea. Nimejiwekea mwisho: Idi. Ukoo ukikusanyika, picha zionekane kwenye TV ya sebuleni.

Kinachokosekana ni skana.

Jumapili, 2 Februari

Mimi ni mhasibu. Kabla ya kununua chochote nahesabu. Nimetandika shuka jeupe sakafuni, nimefukuza watoto, nimegawa mafungu.

Picha za karatasi 612. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, ndogo, zile zenye kingo za mawimbi kama biskuti. Kati yake 41 zimeganda kwenye albamu ya gundi yenye karatasi ya plastiki juu, na tatu zimeng'ang'ania kioo cha fremu zao. Hizo hazibanduki, ukivuta unaacha uso wa mtu kwenye kioo.

Slaidi 431. Karibu zote ni ORWO, filamu ya Ujerumani Mashariki. Fremu za plastiki, ila 96 ziko kati ya vioo viwili vidogo vyembamba. Nimeinua moja kwenye mwanga wa dirisha: ndani ya kioo kuna ukungu umetambaa kama mizizi ya mkorosho, unatoka kona ya chini kuelekea uso wa mtu.

Negativu za kawaida, vipande 27.

Mwisho, chini kabisa ya sanduku, bahasha ya kaki yenye mhuri wa studio uliofifia na negativu kubwa za mraba 23, kila moja kama sentimita sita kwa sita. Sikuziangalia sana. Nimeziandika kwenye daftari nikaendelea, nikijua tu kwamba kila skana nitakayoitazama lazima iweze kuzisoma na hizi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda Kariakoo. Mfukoni nilikuwa na slaidi moja isiyo na maana (mawingu matupu) na picha moja ya karatasi, maana nimejifunza kwenye maduka ya viatu kwamba kitu hujaribiwa kwa mguu wako, mguu wa muuzaji haukusaidii.

Duka la kwanza waliniletea printa ya tatu kwa moja. "Boss, hii inaskani kila kitu, mpaka kitambulisho." Nikaweka slaidi yangu juu ya kioo. Ikatoka mraba mweusi, kama kipande cha lami. Kijana akaigeuza, ikatoka nyeusi tena, akasema slaidi yangu imeharibika. Haijaharibika. Skana ya ofisini hutupa mwanga kutoka chini na kusoma ule unaorudi kutoka kwenye karatasi. Slaidi haitakiwi kurudisha mwanga, inatakiwa mwanga upite katikati yake. Kama kifuniko cha skana hakina taa ya kushuka kutoka juu, slaidi na negativu zisahau. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, na kwa maduka niliyopita leo swali hilo moja liliondoa mashine zote isipokuwa mbili, ambazo zote hazikuwepo dukani, zilikuwepo "stoo".

Duka la tatu walikuwa na Canon LiDE 400. Nimeipenda: nyembamba kama sinia, haihitaji umeme wa ukutani, waya mmoja wa USB unatosha, na picha yangu ya karatasi iliitoa safi. Kwa mtu mwenye picha za karatasi tu, zilizonyooka, ningemwambia anunue hiyo alale. Shida yangu ni mbili. Haina taa ya juu. Halafu sensa yake ni ya aina ya CIS, inayokaa karibu kabisa na kioo na kuona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Picha iliyojikunja kidogo, au iliyo nyuma ya kioo cha fremu kama zile tatu zangu, inatoka haina ukali. Skana za CCD, zile nene zenye vioo vya ndani na lenzi, zinaona hata milimita chache juu ya kioo. Unene wake si ushamba.

Nikasema "nitarudi". Yule kaka akacheka. Anajua watu wa "nitarudi".

Jumatatu, 10 Februari

Usiku wa hesabu. Kwenye maboksi kila kampuni inataja dpi, nukta kwa kila inchi, na zinashindana kama wapiga debe: 4800, 6400, 7200, 9600. Nimeamua kwanza nijue mimi nahitaji ngapi.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa 600 dpi inakupa pikseli kama 2,360 kwa 3,540, yaani milioni nane na kidogo. Karatasi ya picha za zamani mara nyingi haina habari zaidi ya hiyo. Ukipandisha 1200 unapiga picha nyuzi za karatasi. Kwa hiyo kwa picha zote 612, skana yoyote ya kioo iliyo hai inatosha. Dpi za kwenye boksi hazinihusu.

Slaidi ni kesi nyingine. Filamu yenyewe ni milimita 24 kwa 36, kidogo kuliko stempu. Ili TV ya sasa ijae na mtu aweze kukuza kidogo, nataka angalau 2,400 za kweli, zinazotoa pikseli milioni saba na nusu hivi. Neno la kushika hapo ni "za kweli". Epson V600, ambayo kila mtu anaitaja ukiuliza habari za slaidi, imeandikwa 6400. Wanaopima kwa kibao cha mistari midogo wanaipa kama 1,600 hivi, kwa sababu lenzi haifiki kule sensa inakodai kufika. Plustek OpticFilm 8200i, mashine ndogo ya filamu tu, imeandikwa 7200 na inapata kama 3,200. Hakuna aliyedanganya moja kwa moja. Nukta zipo, ila zinarudia kusema kitu kilekile.

Nikaendelea kupiga hesabu: V600 kwa slaidi, 1,600 za kweli, ni pikseli milioni tatu na nusu. Haba. Lakini V600 kwa negativu ya mraba ya sentimita sita ni zaidi ya milioni kumi na mbili. Mashine ileile, 1,600 zilezile, ila filamu ni kubwa mara tatu na zaidi. Hapo nikaanza kuelewa kwamba natafuta mashine mbili, na nina bajeti ya moja.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda Sinza kuona skana iliyotumika, ya CCD, ina taa ya juu, imeletwa kutoka Marekani. Bei laki nne na nusu, karibu theluthi ya mpya. Mwenyewe kijana mstaarabu, akanikaribisha chai kabla ya biashara, na mimi mtu akishanipa chai huwa nanunua. Leo nimejizuia.

Jambo la kwanza, adapta. Nikaigeuza nisome kibandiko: 120V. Soketi zetu ni 230V. Yeye alikuwa anaitumia kwa transfoma ya kupunguza umeme, nzito kama tofali, na siku mtu wa nyumbani akisahau akachomeka moja kwa moja, ndiyo kwaheri. Adapta iliyoandikwa 100–240V ni salama. Hii haikuwa hiyo.

Jambo la pili, nikaomba kuskani karatasi nyeupe tupu. Ukitaka kujua afya ya skana usiipe picha, picha inaficha. Karatasi nyeupe ilitoka na mstari mwembamba wa kijani kutoka juu hadi chini. Mara nyingi huo ni uchafu kwenye sehemu ile ya mwanzo ambapo mashine hujipima kabla ya kusoma, na ukifuta mstari unaondoka. Nikafuta. Ukabaki.

La tatu nikawasha tochi ya simu nikailaza pembeni ya kioo. Upande wa ndani wa kioo, ambako kitambaa hakifiki, kulikuwa na utando kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha gari, na katikati ya utando nyuzi nyeupe. Ukungu uleule wa kwenye slaidi za Baba Mkubwa, umehamia kwenye mashine.

Programu yake ya kuendeshea pia ni ya Windows ya zamani. Hilo peke yake lisingenikimbiza. Kuna programu ya VueScan, inafufua skana nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji wake, ingawa ni ya kulipia. Lakini matatizo manne kwa mashine moja ni ukoo mzima. Nimemshukuru kwa chai.

Alhamisi, 20 Februari

Mtoto wa shangazi ana rafiki mwenye Plustek. Nimeazimwa kwa usiku mmoja, kwa masharti kama ya kuazima kanzu ya harusi.

Ni mashine ndogo, unaichomeka slaidi ubavuni kwenye kishikio, unasukuma kwa mkono mpaka isikike "tik". Nimeweka slaidi ya kituo cha treni, theluji chini, Baba Mkubwa na wenzake wawili wamevaa makoti yanayowazidi. Nikaikuza kwenye kompyuta: vifungo vya koti vinahesabika. Nikaikuza zaidi: naona chembe zenyewe za filamu. Hapo umefika mwisho, hakuna zaidi ya kuchimba.

Ina pia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mashine inapita mara ya pili kwa mwanga huo. Rangi za filamu zinaupitisha, vumbi na mikwaruzo vinauzuia, kwa hiyo programu inapata ramani ya uchafu na kuufuta. Nilipouwasha, vumbi la miaka arobaini likaondoka mbele ya macho yangu, nikacheka peke yangu saa sita usiku. Ila usijaribu kwa negativu za nyeusi na nyeupe: picha yake imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha nayo inazuia infraredi, kwa hiyo programu inaiona picha nzima ni uchafu. Nilijaribu kwa makusudi. Uso wa mtu ukawa kama umepakwa uji.

Kwa slaidi peke yake ningefunga mjadala hapa. Lakini haisomi karatasi, na mlango wake ni wa filamu ya milimita 35 tu. Bahasha ya kaki haiingii. Tena ni moja moja kwa mkono. Nilifanya slaidi 14 kabla usingizi haujanishinda.

Jumapili, 23 Februari

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mpiga picha za harusi. Nilikuwa namlalamikia getini habari za bei, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kaka, slaidi si ni kitu cha kupiga picha tu? Mimi nina lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kazi yake kubwa ni kupiga pete."

Hesabu yake imenyooka. Kamera yake ina pikseli 6,000 upande mrefu. Slaidi ikijaa kwenye kioo cha kamera, 6,000 kwa milimita 36 ni sawa na dpi 4,200 na zaidi, na lenzi nzuri ya makro inazifikia sehemu kubwa. Kubonyeza ni sekunde moja.

Tumejaribu leoleo. Taa ya kwanza ilikuwa simu yangu yenye ukurasa mweupe, slaidi juu yake. Picha ikatoka na vinukta vyekundu, kijani na bluu, nyavu nzima. Tulikuwa tunapiga pikseli za simu. Tukainua slaidi sentimita tano kwa vifuniko vya chupa za maji, nyavu zikapotea, lakini rangi zikawa baridi na ngozi za watu kijivu. Taa ya simu haina rangi zote kwa usawa. Tukachukua taa yake bapa ya LED ya harusini, ile iliyoandikwa CRI 95 (kipimo cha ukweli wa rangi, mwisho wake 100), tukaweka plastiki nyeupe kama maziwa juu. Ngozi zikarudi kuwa ngozi.

Tatizo lililobaki ni unyoofu. Kamera ikiinama hata kidogo, kona moja ya slaidi inafifia. Jirani ana ujanja: weka kioo cha kujitazamia pale slaidi itakapokaa, angalia kwenye kamera, na lenzi ijione yenyewe katikati kabisa. Ikijiona pembeni, imeinama. Dakika mbili, bila rula.

Jumamosi, 1 Machi

Uamuzi. Slaidi na negativu ndogo: kamera ya jirani, jioni zake zisizo na harusi, na Ramadhani hii harusi hamna. Karatasi, zile tatu za kioo na bahasha ya kaki: skana ya kioo ya CCD yenye taa ya juu, yaani V600, mpya, adapta yetu.

Nimeipata mjini, si Kariakoo. Walianza na milioni moja na laki nne, tumemalizana milioni moja na laki mbili na nusu. Kuagiza nje kulikuwa na nafuu kidogo kwenye bei, lakini mzigo ni kilo nne na ushee bila boksi, na kila wakala niliyemuuliza alikuwa na bei yake ya kilo na siku zake za kusubiri. Idi haisubiri.

Nakiri: bila bahasha ya kaki ningenunua skana ya bei nusu ya hiyo. Zile negativu 23 zimenigharimu laki sita hivi. Mke wangu amezipa jina: "wageni wa heshima".

Stendi ya kamera kanichomelea fundi wa mtaani Gerezani kwa bomba la mraba na bamba la chuma. Nilimchorea kwenye kiganja. Elfu thelathini, na inasimama kuliko mimi.

Jumapili, 9 Machi

Kazi imeanza kweli, na imeanza kwa aibu. Jana usiku niliweka negativu za mraba kwenye kishikio, upande wa kung'aa chini kama inavyotakiwa, nikabonyeza. Nyeusi. Nikageuza. Nyeusi. Nikasoma, nikazima, nikawasha, nikaanza kutunga hotuba ya kumpelekea muuzaji. Dakika arobaini baadaye nikagundua sijachomoa kile kibao cheupe kilicho ndani ya kifuniko, kinachoziba taa ya juu. Mimi niliyemcheka kijana wa Kariakoo.

Karatasi zinaenda vizuri. Nne kwa mpigo, 600 dpi, nahifadhi TIFF, aina ya faili kubwa isiyopunguza ubora wa picha, kila moja kama megabaiti 25, jumla gigabaiti 15 tu; watu wanaogopa TIFF bure. Nyuma ya kila picha yenye maandishi naskani pia, hata kama ni namba tu ya studio. Zile za albamu ya gundi nimezitoa kwa uzi mwembamba uliovutwa taratibu chini ya picha kama msumeno. Kati ya 41 mbili tu zimepoteza kona. Zile za kwenye fremu nimezilaza na vioo vyake, zikasomeka. Hapo nililipia unene wa CCD nikalipwa.

Kuna karatasi fulani za miaka ya 1970 zenye vinundu kama ngozi ya chungwa. Kila kinundu kinarudisha mwanga kwa upande wake na picha inatoka na madoa meupe. Nilizizungusha, juu ikawa chini, nikaskani tena, nikachanganya mbili, zimepungua, hazijaisha. Basi.

Umeme ulikatika mara mbili. Nimehamisha UPS ya TV, ile betri ya akiba, ikalinde skana.

Alhamisi, 13 Machi

Usiku wa tatu wa slaidi kwa jirani, baada ya tarawehe. Tumefika 260. Yeye anabonyeza, mimi napuliza vumbi kwa pampu ya mpira na kubadilisha. Tukizoea, slaidi moja haichukui sekunde kumi. Kwa V600 nilijaribu kundi moja la nne, pamoja na infraredi, ikachukua dakika kumi na tano; 431 zingekula saa ishirini na saba.

Kamera haina infraredi, hiyo ndiyo hasara yake, na vumbi lisilopulizika linabaki. Kwa hiyo kuna boksi la viatu la "wachafu sana", sasa hivi wako 19, hao wataenda kwenye V600, tukubali ukali upungue kidogo.

Za vioo tunazifungua kwa wembe. Kioo kikigusana na filamu kinazaa miduara ya rangi kama mafuta juu ya maji, na tena kioo kina nyuso nne za kubeba vumbi. Ukungu tumeufuta kwa spiriti ya isopropili na pamba, kwa kugusa tu. Maji marufuku: ukungu ukishakula jelatini, ule utando uliobeba picha, maji yanaimalizia, na picha inaondoka kwenye pamba. Slaidi saba ni hivyo tayari, unaona mti, unaona anga, halafu shimo.

Rangi za ORWO nyingi zimeelekea wekundu. Anga ya Dar imekuwa kama juisi ya rosela. Inarekebishika kwa kusogeza nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Sijaribu kuifanya iwe ya jana.

Saa nne usiku ikaja slaidi ya basi refu la Ikarus, la Hungaria, watu wananing'inia mlangoni. Ubavuni limeandikwa ADU. Tukabishana: kampuni gani hiyo? Jirani akasema ya Wahungari wenyewe. Nikaandika kwenye daftari, "basi la ADU". Tumeendelea na slaidi tatu ndipo nikaona mwanamume anaandika kwa mkono wa kushoto, mwingine anaandika kwa kushoto, wa tatu naye kushoto. UDA! Usafiri Dar es Salaam, na sisi tumeziweka slaidi kinyume. A na U hazina kushoto wala kulia. D peke yake ndiyo iliyogeuka, na sisi hatukuitazama. Upande usiong'aa, ulio kama umekwaruzwa ukiulaza kwenye mwanga, ndio wenye picha. Unatakiwa uwe upande mmoja kila siku. Thelathini na mbili zimepigwa kinyume. Kwa bahati kompyuta inageuza zote kwa amri moja.

Jumapili, 16 Machi

Nimefuturu kwa Mama Mkubwa Kigamboni. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi. Baadaye nikafungua kompyuta, na daftari, maana faili lisilo na jina ni karatasi tu iliyohama nyumba.

Anakumbuka kwa nguo. Uso humchelewesha, nguo humwambia mwaka. "Hili gauni nilishonewa Uhuru Street, nikiwa na mimba ya dada yako." Basi tunajua. Picha 140 zimepata majina kwa jioni moja, na tatu ameamuru nizifute. Sijazifuta, nimezihamisha.

Za mraba nilizihifadhi kwa mwisho. Zimetoka nzuri kupita zote: 2400 dpi, mwanga wa studio, pazia lenye mchoro wa ziwa na minazi, viatu vinang'aa. Mwanamume mwenye redio mapajani. Wasichana wawili wameshikana vidole vidogo. Mtoto juu ya kigoda, nyuma yake mkono wa mtu mzima unamshikilia kupitia pazia.

Mama Mkubwa amevaa miwani, akazipitia zote 23, polepole, bila neno. Kisha akazipitia tena.

"Hawa akina nani?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe, Mama Mkubwa."

"Mimi siwajui hawa." Akavua miwani. "Hata mmoja."

Tukakaa. Binti yake akaja kuangalia, hajui. Mwishowe Mama Mkubwa akakumbuka: mwaka ambao hakuwa na hakika nao, Baba Mkubwa alikwenda studio kuchukua picha za harusi ya mdogo wake, akarudi amekasirika, wamempa bahasha ya watu wengine. Alisema ataibadilisha kesho.

"Kesho yenyewe ndiyo hii," akasema, akaenda kuosha vikombe huku anacheka.

Jumamosi, 22 Machi

Slaidi zimeisha: 424 zimepona, saba zina mashimo. Karatasi zimebaki 88. Nakala moja iko kwenye diski hapa nyumbani, moja anaichukua kaka kwenda Dodoma baada ya Idi, moja naipandisha kwenye intaneti usiku kucha kwa vifurushi vya usiku. Slaidi zenyewe zimerudi kwenye boksi jipya la plastiki na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Lile la bati linanuka bado na limewekwa uani.

Kuhusu studio: nilipita kwenye anwani ya mhuri, mtaa mmoja wa Kariakoo ambao jina lake linasomeka nusu. Leo hapo wanauza makava ya simu. Kijana wa dukani hajawahi kusikia kwamba palikuwa na studio. Nikamwonyesha mtoto wa kigoda kwenye simu yangu. Akaitazama, akaita mwenzake, wakaikuza mpaka kwenye ule mkono unaotoka kwenye pazia, wakauliza kama naweza kuwatumia.

Nimewatumia. Folda yao kwenye diski inaitwa "Wageni", na siku ya Idi nitaziweka kwenye TV pamoja na zetu. Watu watakuwa sitini mle ndani, wa Magomeni, Kariakoo na Ilala, huenda mmoja akamtambua mwenye redio. Kesho namalizia zile 88. Boksi la viatu lina wachafu 19 wanasubiri zamu.